Mtetemo wa Mayotte ulioonekana Kilimambogo

Tarehe 11 Novemba 2018, karibu saa sita na nusu mchana kwa saa zetu, kipimo cha mitetemo kilichopo Kilimambogo, nje kidogo ya Thika, kilianza kuchora kitu kigeni. Tetemeko la kawaida huingia kwa kishindo: mawimbi ya kwanza ya haraka, ya pili yenye nguvu zaidi, kisha mkia mrefu unaofifia. Safari hii kishindo hakikuwepo. Mchoro ulionyesha mapigo yaliyolingana, moja kila sekunde 17 hivi, yakapanda taratibu, yakadumu zaidi ya dakika 20, yakashuka. Vituo vya Zambia na Ethiopia vilichora mapigo yaleyale. Baadaye yakafika Chile, Kanada, New Zealand na Hawaii. Hakuna binadamu aliyeripoti kuhisi chochote.

Mashine nazo hazikushtuka. Mifumo inayotangaza matetemeko kwa dunia hutafuta kile kishindo cha mwanzo, na kikikosekana haina pa kuanzia hesabu. Aliyeona ni mtu mmoja, mshabiki wa matetemeko asiyelipwa na yeyote, aliyekuwa akipitia michoro ambayo USGS, shirika la jiolojia la Marekani, huiweka wazi mtandaoni kutoka vituo vyake duniani. Haitaki malipo wala nenosiri. Akachukua picha ya mchoro wa Kilimambogo na kuiweka Twitter, akisema kwamba hajaelewa anachokiona.

Mjadala ukawaka. Wataalamu kama Stephen Hicks wa Southampton na Göran Ekström wa Chuo Kikuu cha Columbia waliingia, wengine wakatupia dhana za kimondo na za jaribio la silaha, na wakazuka hata wa dude la baharini. Mawimbi yalipofuatiliwa kurudi yalikotoka, yaliishia baharini, karibu na pwani ya kisiwa cha Mayotte, kilomita kama 1,600 kutoka Kilimambogo.

Kisa hiki husimuliwa hivyo mara nyingi, kama ushindi wa data iliyo wazi, na sina ugomvi na sifa hiyo. Ugomvi wangu ni mahali kinapoanzia. Kwa watu wa Mayotte Novemba ilikuwa mwezi wa saba. Walikuwa wametikiswa tangu Mei, wameuliza, na majibu waliyopata yalikuwa machache kuliko aliyoyapata mtu yule kwa kufungua ukurasa wa bure akiwa kwake.

Mei 2018, kuelekea Ramadhani

Mayotte, au Maore kama wenyeji wanavyokiita, ni kisiwa cha nne cha funguvisiwa la Ngazija (Komoro), kilichobaki chini ya Ufaransa na kufanywa mkoa wake kamili mwaka 2011. Lugha za nyumbani ni Shimaore, ndugu wa karibu wa Kiswahili, na Kibushi chenye asili ya Madagaska. Kifaransa ni cha shule na ofisi. Karibu wote ni Waislamu. Katika miezi ya mwanzo wa 2018 kisiwa kilikuwa kimepita kwenye mgomo mkubwa na vizuizi vya barabarani kwa sababu ya usalama mbovu, kwa hiyo imani kwa serikali ilikuwa imeshachoka kabla ardhi haijatikisika. Jambo hili huachwa nje katika masimulizi mengi ya kisayansi, nami nadhani ndilo linaloeleza nusu ya yaliyofuata.

Mitetemo ilianza tarehe 10 Mei. Siku tano baadaye, Mei 15, baada ya Magharibi na Ramadhani ikiwa mlangoni, likapiga tetemeko la ukubwa wa 5.9, kubwa kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa eneo la Ngazija. Kuta zilipata nyufa, watu wakalala nje. Hakuna aliyekufa kwa tetemeko lile, na pengine ndiyo sababu dunia haikusikia. Lakini tofauti na matetemeko mengi, ambayo hupiga mara moja kisha yakapungua siku kwa siku, haya yaliendelea. Wiki ya pili, ya tatu, ya nne. Kwa mtu aliyemo ndani ya nyumba, tetemeko la ukubwa wa 4 lililo karibu linalokuja usiku wa manane kwa mara ya ishirini si habari ndogo. Anataka kujua matatu: limetokea kweli au nimeota, lilikuwa wapi, na kubwa zaidi linakuja?

Swali la tatu halina jibu popote duniani. Hakuna chombo kinachotabiri siku na saa ya tetemeko, na anayedai anacho anadanganya. Mawili ya mwanzo yana majibu, na ndiyo kazi hasa ya taarifa za wakati uleule. Huko Mayotte majibu hayo yalikosekana.

Kituo kimoja

Sababu ya kwanza ilikuwa ya vyombo. Mfululizo ulipoanza kisiwa kizima kilikuwa na kituo kimoja cha kudumu cha kupima mitetemo kinachotuma data papo hapo. Kilichofuata kwa ukaribu kilikuwa ng'ambo ya bahari: Ngazija penye volkano ya Karthala, Madagaska, na mbali zaidi Kenya. Mtu mmoja anayesikia radi anaweza kuhesabu sekunde na kukadiria umbali, lakini kusema imepiga shamba la nani anahitaji wenzake waliosimama vijiji vingine. Vituo hufanya hesabu ileile kwa kupishana kwa mawimbi ya kwanza na ya pili. Kikiwa kimoja unapata umbali na makisio duni ya upande. Vikiwa viwili vitatu vya mbali, vyote upande mmoja, kitovu kinaelea kwa kilomita nyingi na kina chake kinakuwa cha kubahatisha.

Na kuna kizingiti cha ukubwa. Orodha ya USGS iliyo wazi kwa wote hukamata matetemeko ya ukanda wetu yanapofika karibu 4.5. Chini ya hapo mawimbi hufifia kabla ya kufika vituo vya kutosha. Tetemeko la 3.8 chini ya bahari mbele ya mji wa Pamandzi, Mayotte, linatikisa vyombo kabatini, mama mwenye nyumba anatoka nje na watoto, na kwenye orodha ya dunia halipo kabisa. Akifungua simu haoni kitu. Hapo ana mawili ya kufikiri: kwamba amechanganyikiwa, au kwamba anafichwa.

Wengi walichagua la pili, na siwalaumu. Taarifa za ofisi ya serikali zilitoka kwa Kifaransa, kwa lugha ya kiofisi, na hazikugusa kila mtetemo watu waliouhisi. Uvumi ukajaza nafasi: kwamba wachimba mafuta baharini ndio wanaotikisa ardhi, kwamba ni adhabu, kwamba wakubwa wanajua kisiwa kitazama ila hawasemi. Huo wa mwisho, kwa bahati mbaya sana, ulikuwa na chembe ya ukweli ambayo wakati ule hata wataalamu hawakuwa nayo. Nitaufikia.

Waliojiandikia orodha yao

Watu wa Mayotte wakafanya wanalofanya watu wasiojibiwa. Walifungua kikundi cha Facebook cha kuripoti matetemeko, kikakua hadi maelfu ya wanachama, idadi nzito kwa kisiwa chenye watu robo milioni hivi. Nyumba ikitikisika mtu anaandika: Dzaoudzi, nimelihisi, saa fulani. Wa Mamoudzou anajibu nami. Wa kusini anasema huku kimya. Katika dakika moja mbili kikundi kina kitu kinachofanana na ramani: limehisiwa mashariki, kusini hapana. Katika fani hiyo ndiyo ramani ya ukali wa mtikisiko, ingawa mwanzoni ilichorwa bila mtaalamu hata mmoja.

Baadhi yao walijifunza kusoma michoro ya vituo iliyo wazi, wakalinganisha na walichohisi, wakaanza kuuliza wataalamu maswali yenye saa na dakika ndani yake. Wanasayansi waliokichunguza kisa hiki baadaye walikiri kwamba hali hii ya raia kufanya elimu ya matetemeko bila wanaelimu wa matetemeko iliwafundisha kitu.

Waliofundishwa zaidi ni EMSC, kituo cha matetemeko cha Ulaya na Mediterania chenye makao Ufaransa, kinachoendesha programu ya simu ya LastQuake. Programu hii ina ujanja mmoja ninaoupenda: haisubiri vipimo peke yake. Watu wengi wa eneo moja wakifungua programu au tovuti kwa ghafla, mfumo unajua kuna jambo limetokea pale kabla hesabu za mawimbi hazijakamilika. Anayetaka kuripoti anaonyeshwa picha za katuni, kuanzia mtu anayehisi mtikisiko kidogo hadi jengo linaloanguka, na anagusa ile inayofanana na hali yake. Hahitaji kusoma lugha yoyote. Kwa kisiwa chenye wazee wasiosoma Kifaransa, katuni ile ina thamani kuliko kurasa tano za tamko.

Hata hivyo programu ilikwama palepale. Ripoti za watu zilihitaji kuning'inizwa kwenye tetemeko lililothibitishwa na vipimo, na matetemeko madogo ya Mayotte hayakuwa na vipimo. Watu waliripoti, ripoti hazikuonekana, hasira ikaongezeka. Somo walilotoka nalo wahusika lilikuwa kwamba ripoti za watu zinastahili kuonyeshwa hata kama kipimo hakijathibitisha, mradi ziwekewe alama kuwa ni za watu. Linaonekana dogo. Ila limegeuza mpangilio wa nani anamthibitisha nani, na kwa mtu aliyeketi gizani na watoto uani, kuona kwamba wengine 200 wameripoti dakika ileile kunajibu swali lake la kwanza.

Kimya cha Julai

Mwishoni mwa Juni 2018 matetemeko yalipungua. Kisiwa kikapumua. Hapa ndipo data nyingine ya bure ikaingia, nayo si ya matetemeko.

Mayotte ilikuwa na vipokezi vya GPS vya kudumu, vilivyowekwa kwa kazi za upimaji wa ardhi na ramani. Data yake ilipatikana wazi kupitia taasisi ya ramani ya Ufaransa, IGN. Mtafiti Pierre Briole wa École Normale Supérieure ya Paris aliifuatilia na kuweka hadharani alichokiona, bila kungoja jarida: tangu Julai kisiwa chote kilikuwa kinahama. Kufikia Novemba kilikuwa kimesogea karibu sentimita 6 kuelekea mashariki na 3 kuelekea kusini, na kilikuwa kinashuka.

Kisiwa kizima hakisogei hivyo bila sababu. Kinasogea kuelekea mahali panapofyonzwa kitu kutoka chini. Maana yake ilikuwa kwamba chini sana ya ardhi magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa inatoka kwenye ghala lake na kwenda mahali. Na ule utulivu wa Julai ukapata maelezo yaliyo kinyume na faraja: matetemeko ya Mei na Juni yalikuwa sauti ya miamba ikipasuliwa kupisha njia, na yalipungua kwa sababu njia ilikuwa imeshafika juu, kwenye sakafu ya bahari. Kilichoonekana kama mwisho kilikuwa mwanzo wa mlipuko.

Mapigo ya Novemba 11 yalikaa vizuri ndani ya picha hiyo. Mwamba ulio juu ya ghala linalopungua ukishuka kidogo, ghala lenyewe hutikisika kwa mdundo wake wa polepole. Mawimbi ya namna hiyo hayapotei haraka njiani, ndiyo maana yalizunguka dunia. Na sababu watu wa Mayotte hawakuyahisi ni ileile: mwili wa binadamu hauhisi mwendo mdogo unaochukua sekunde 17 kwenda na kurudi.

Uvumi kwamba kisiwa kinazama basi? Kilishuka kweli, kwa zaidi ya sentimita 10 mpaka mwisho wa mkasa, na kikasogea mashariki kwa takribani 20. Haikuwa kuzama kwa kutisha, ila kwenye Petite-Terre, kisiwa kidogo pembeni ya kile kikuu, chenye uwanja wa ndege ufukweni na nyumba zilizo chini karibu na maji, sentimita hizo si za kupuuzwa wakati wa maji makuu. Mtu aliyesema mtaani kwamba ardhi inakwenda chini alikemewa kama mzushi, kisha takwimu zikamwonyesha hakukosea sana. Baada ya hapo, kumwambia akaamini tamko lijalo ni kazi ngumu.

Meli ya Mei 2019

Vipimo vya chini ya bahari viliwekwa Februari 2019, miezi tisa baada ya mtikisiko wa kwanza. Mei 2019 meli ya utafiti Marion Dufresne ikapita eneo hilo ikipima sakafu kwa sauti, chini ya uongozi wa Nathalie Feuillet wa taasisi ya IPGP ya Paris. Kilomita 50 mashariki ya kisiwa, mahali ambapo ramani za zamani zilionyesha sakafu tupu yenye kina cha mita 3,500, walikuta mlima mpya wa mita 800 na zaidi, wenye kitako cha kilomita 5 hivi, ukitapika. Wakati huo ulitajwa kuwa mlipuko mkubwa kuliko wote wa chini ya bahari uliowahi kushuhudiwa kwa vipimo. Mlima huo sasa unaitwa Fani Maoré. Lava mpya ya mwisho ilionekana Januari 2021.

Habari hiyo ilipendwa na magazeti. Kwa mtazamo wa hatari, habari nzito zaidi ilitoka kwenye vile vipimo vya sakafuni. Vikiwa karibu, viliweka vitovu mahali pake sahihi, na ikaonekana kwamba kundi kubwa la matetemeko halikuwa kule kwenye volkano. Lilikuwa kilomita 5 hadi 15 tu kutoka Petite-Terre, kwenye kina cha kilomita 20 hadi 50. Kwa mwaka mzima watu walikuwa wameambiwa kwa nia njema kwamba shughuli iko mbali baharini. Maswali yote ya mpango wa dharura yakabadilika: miteremko mikali ya chini ya maji iliyo mbele ya Petite-Terre inaweza kuporomoka ikitikiswa? Ikiporomoka, mawimbi ya tsunami yanafika ufukweni kwa dakika ngapi?

Hili ndilo linalonifanya nisite kusema kwamba data wazi ilishinda Mayotte. Michoro ya Kilimambogo na Hawaii ilikuwa wazi tangu siku ya kwanza, na isingeweza kamwe kutofautisha kilomita 10 na 50. Uwazi wa chombo kilicho mbali hauzidi uwezo wa chombo chenyewe. Ramani ya bure yenye nukta mahali pasipo pake inamfikia kila mtu haraka, ikiwa na kosa lake.

Kilichojengwa baadaye

Mwaka 2019 Ufaransa iliunda REVOSIMA, mtandao wa kufuatilia volkano na matetemeko ya Mayotte, ukiunganisha IPGP na taasisi nyingine za utafiti za Ufaransa: BRGM, Ifremer na CNRS. Hutoa taarifa ya kila siku na ripoti ya kila mwezi, zote za bure: idadi ya matetemeko, makundi yaliko, mwendo wa GPS, gesi zinazobubujika ufukweni. Inasema pia ambalo haijui, na hilo si la kawaida kwa taasisi ya serikali. Nimesoma kadhaa. Ni ndefu, za Kifaransa cha kitaalamu, na anayezielewa vizuri ni yule ambaye angeelewa hata bila hizo. Lakini zipo, kila siku, hata siku isiyo na jambo. Thamani ya siku zisizo na jambo huonekana baadaye. Mtu aliyezoea kuona "matetemeko 12 jana" kwa miezi, akiona 90, anajua kuna kilichobadilika na hahitaji kuambiwa atishike au asitishike.

Kuna hoja mbili zinazosemwa hadharani dhidi ya uwazi wa namna hii. Ya kwanza ni kwamba watu wataingiwa na hofu. Mayotte imeijibu: hofu kubwa ilikuwa Mei na Juni 2018, taarifa zilipokuwa chache kuliko wakati wowote uliofuata. Ya pili ina uzito. Takwimu inayotoka kwa mashine dakika chache baada ya mtikisiko hukosea. Ukubwa unaweza kutangazwa 5.4 kisha ukawa 5.1, kitovu kikahama kilomita 20, na mara chache tetemeko zima likafutwa kwa kuwa mashine ilichanganya mawimbi ya matetemeko mawili. Raia asiyejua desturi hiyo akiona namba imebadilika anasema wamezichezea. Tiba yake ni kuandika waziwazi pembeni ya namba kwamba imetolewa na mashine na itapitiwa na mtu, kisha kutoifuta ile ya kwanza kimyakimya. EMSC na USGS hufanya hivyo kwa viwango tofauti. Tamko la karatasi lenye muhuri haliwezi.

Hoja ya tatu haisemwi hadharani. Mtafiti aliyehangaika kuweka chombo baharini anataka kuwa wa kwanza kuchapisha, na data ikiwa wazi mwenye kompyuta nzuri Ulaya au Marekani anamtangulia. Naielewa kwa mtafiti wa chuo kidogo. Lakini muda wa faragha unaofaa kwa makala si ule unaofaa kwa orodha ya matetemeko ya leo. Mawimbi ghafi yanaweza kungoja miaka miwili, wakati kitovu, ukubwa na kina vinatoka papo hapo.

Ukiwa Dar, Mombasa au Moroni

Tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili na kitu usiku, Dar es Salaam ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lililotokea baharini kusini mashariki mwa jiji. Magorofa yaliyumba, watu wakashuka ngazi kukimbilia barabarani. Namba ya kwanza ambayo wengi waliiona simuni ilikuwa ya USGS au EMSC, ikisambazwa WhatsApp kama picha ya skrini, bila maelezo ya Kiswahili na bila jibu la swali ambalo kila aliyekaa Masaki au Kigamboni alikuwa nalo: bahari itakuja? Tetemeko la ukubwa ule kwa kawaida haliinui tsunami ya kutisha. Sentensi hiyo moja, kwa Kiswahili, katika dakika kumi za mwanzo, kutoka mahali panapoaminika, ingekuwa na kazi kuliko desimali za ukubwa.

Ukitaka kuona mwenyewe, njia ni fupi. Kwenye tovuti ya USGS orodha ya matetemeko ya siku iko wazi, na michoro ya saa 24 ya vituo, Kilimambogo kikiwamo, huonekana kama karatasi yenye mistari mingi ya mlalo. Mstari mnene unaoanza ghafla na kuchongoka ni tetemeko. Msukosuko mdogo usiokoma ni mawimbi ya bahari na upepo. Magari na watu nao huacha alama zao mchana. LastQuake hufaa zaidi dakika za mwanzo, USGS hufaa zaidi ukitaka namba iliyotulia. Kwa tetemeko dogo ulilolihisi na huliona popote, ripoti kwenye LastQuake hata hivyo. Ripoti yako inaweza kuwa data pekee itakayobaki.

Ila tujue tunachokitegemea. Kituo cha Kilimambogo ni sehemu ya mtandao wa dunia unaogharimiwa na Marekani kupitia USGS na mfuko wake wa taifa wa sayansi, NSF. Uwazi wake ni uamuzi wa watu wa huko, unaolipiwa katika bajeti ya huko, inayojadiliwa kila mwaka na wabunge ambao hawajawahi kulala nje Bukoba wala Pamandzi. Tanzania, Kenya na Ngazija zina vituo vyake na wataalamu wake wanaojua miamba ya kwao kuliko mtu wa Colorado. Kinachokosekana ni ukurasa mmoja kwa kila nchi, unaojisasisha wenyewe, wenye orodha ya matetemeko ya siku ikiwa ni pamoja na madogo, kwa Kiswahili au Shikomori, na namba ya mtu wa kuuliza. Gharama yake, vituo vikiwa vimeshawekwa, ni seva, umeme usiokatika, malipo ya intaneti ya vituo, na mtu wa zamu.

Mayotte ilianza kupata ukurasa wa namna hiyo zaidi ya mwaka mmoja baada ya mtikisiko wa kwanza, baada ya mlima wa mita 800 kuota baharini, na kwa sababu ni mkoa wa nchi tajiri. Ngazija, yenye Karthala iliyo hai kabisa juu ya Moroni, haina nchi tajiri nyuma yake.